Tizi la watu wawili: nguvu na pumzi bila mashine hata moja

Ukimuuliza mtu kwanini anatafuta mwenzake wa kupiga naye tizi atakwambia anataka wa kumwamsha, na kweli inasaidia, manake kumpigia mtu simu saa kumi na moja alfajiri umwambie leo siji ni kazi kuliko kuzima alamu ukaendelea kulala. Ila mi naona hiyo ndo faida ndogo kuliko zote. Mtu wa pili ni mzigo, ni breki, ni saa ya kupimia mapumziko, na ni macho ya kukuangalia mgongo ambao wewe mwenyewe huwezi kuuona. Mkijua kutumiana vizuri mnapata zoezi la mwili mzima kwa dakika 45 hivi, uwanja wa shule, uani, ufukweni, popote penye nafasi ya hatua 20.

Vitu vya kuwa navyo ni vya nyumbani tu: madumu mawili ya lita 20 yenye vifuniko visivyovuja, mpini wa jembe, tyubu ya pikipiki iliyochoka, mkeka au kipande cha godoro, na simu yenye stopwochi. Tyubu msinunue mpya, mafundi pikipiki wanazo zilizozibwa viraka mpaka basi na ukiomba vizuri unapewa kwa hela ndogo au bure kabisa. Ila ikagueni kabla. Ivuteni huku mnaiangalia kwenye mwanga, mkiona mipasuko midogomidogo inafunguka achaneni nayo, na kile kichuma cha kujazia upepo kikateni na kipande chake chote mtupe, manake tyubu ikichomoka mkononi inarudi kwa kasi sana na hicho kichuma kikimpata mtu jichoni ni hospitali moja kwa moja.

Hamlingani nguvu? Haina shida

Hapa ndo watu wengi wanaachana baada ya wiki mbili. Mmoja ana kilo 85 anabeba vyuma tangu yuko sekondari, mwingine ndo anaanza, sasa wanajaribu kubeba mzigo uleule kwa idadi ileile, mwenye nguvu anaona anapoteza muda na mgeni anaona anaaibishwa. Dawa yake ni kugawana muda, msigawane kilo. Yani kama ni sekunde 40, wote mnafanya sekunde 40, ila kila mtu na mzigo wake na aina yake ya zoezi. Kaka anapiga pushapu chini, dada anapiga pushapu mikono ikiwa juu ya benchi, filimbi ikilia wote mmemaliza raundi moja na wote mmechoka sawa. Ndo maana nayapenda madumu kuliko vyuma: lita moja ya maji ni kilo moja, kwaiyo mzigo unaupima kwa kumimina tu, dumu moja lijae, lingine liwe na lita nane, wiki ijayo linaongezwa lita moja. Kwenye vyuma vingi huwezi kupanda kilo moja moja hivyo.

Kitu kimoja mjue, dumu lisilojaa maji yanacheza ndani, yanakuvuta huku na huku, kwaiyo lita 12 kwenye dumu la 20 utaziona nzito kuliko zilivyo. Hilo ni zuri kwa tumbo na kiuno ila kwa mtu mpya libanwe kifuani kabisa kama unabeba mtoto, lisiwe mbali na mwili.

Kupasha mwili, dakika 8 mpaka 10

Msiruke hii. Anzeni na mchakamchaka mwepesi sambamba, mwendo ambao mnaweza kupiga stori bila kukatika pumzi, mkiona mmoja anajibu neno moja moja punguzeni. Baada ya dakika nne tano simameni mkitazamana, kila mmoja aweke mkono begani kwa mwenzake, mrushe mguu mbele na nyuma mara 10, halafu kulia na kushoto mara 10, badilisheni mguu. Kushikana bega kunakupa balansi ya kurusha mguu mbali bila kupepesuka. Malizieni na skwati 10 za taratibu mkitazamana, mmoja anaongoza mwingine anafuata spidi yake, na mzungushe mabega mpaka myasikie yamelegea.

Sehemu ya nguvu, kama dakika 20

Utaratibu ni huu kwa zoezi zote nne: mmoja anafanya, mwingine anaangalia au anashika, halafu mnabadilishana. Hakuna kukaa chini na hakuna kushika simu zaidi ya stopwochi, zamu ya mwenzako ndo mapumziko yako.

Ya kwanza ni skwati na dumu. Libane kifuani, miguu iachane kidogo kuliko upana wa mabega, shuka kwa kuhesabu moja mbili tatu, panda kwa moja. Mara 8 mpaka 10, seti 3. Sasa kazi ya anayeangalia ni kusimama ubavuni, asikae mbele, manake mbele haoni mgongo. Aangalie vitu vitatu tu. Visigino, vikinyanyuka amwambie "kisigino" na mwenzake apunguze kina mpaka vikae chini. Mgongo, ukianza kupinda kwa chini karibu na kiuno seti imeisha hata kama bado mbili. Halafu seti inayofuata ahamie mbele aangalie magoti yasiingie ndani wakati wa kupanda, hilo linawapata sana wanaoanza, na neno la kumwambia ni "sukuma magoti nje", basi. Msimpe mtu hotuba akiwa na mzigo kifuani, neno moja linatosha.

Ya pili ni kuvuta mpini. Watu wakifanya mazoezi nyumbani wanapiga pushapu tu asubuhi mpaka jioni, mgongo unasahaulika, mabega yanakuja mbele. Kaeni chini mkitazamana, nyayo zenu zigusane, magoti yakunjwe kidogo, wote mshike mpini wa jembe, mmoja mikono ya ndani mwingine ya nje. Mmoja ndo anavuta kuja tumboni kwake, viwiko vikipita kando ya mbavu, mwingine anakuwa breki, anakubali kuvutwa ila kwa ubishi. Ikifika tumboni breki anavuta kurudi na aliyekuwa anavuta anamzuia taratibu kwa sekunde tatu. Mara 8, seti 3 kila mmoja.

Siri yote iko kwa breki. Anayezuia kazi yake sio kushinda, kazi yake ni kumfanya mwenzake achoke vizuri, kwaiyo atumie nguvu ambayo inamruhusu anayevuta amalize safari kwa sekunde tatu, isiwe moja na isiwe sita. Na azuie sawasawa mwanzo mpaka mwisho. Nikikuta watu wanalifanya hili utaona wanaume wawili wamegeuza mashindano, mishipa ya shingo imetoka, mpini hausogei, na hakuna anayejengeka hapo. Mkitaka kushindana mna sehemu yenu huko mbele kwenye pumzi, hapa tulieni.

Ya tatu ni pushapu. Anayeanza aweke mikono kwenye benchi, ukingo wa baraza au ngazi, na kadri anavyopata nguvu anashuka ngazi moja chini. Wa kati apige chini kawaida. Mwenye nguvu mwenzake amwekee kiganja katikati ya mifupa ya mabega kwa nyuma na amsukume kidogo wakati anapanda. Narudia, kiganja kikae juu huko kwenye mabega, kisikae kiunoni, na kumkalia mtu mgongoni kama wanavyofanya watu kwenye video achaneni nako kabisa, uzito wote unaishia kiunoni na kiuno kikianza kubonyea hapo sio kifua tena kinachofanya kazi. Piga mpaka ubaki na mbili ambazo ungeweza kuzimaliza, simama. Seti 3.

Ya nne ndo naitilia mkazo kuliko zote, hasa kama mnacheza mpira au mnakimbia, manake huwezi kuifanya vizuri bila mtu wa pili. Piga magoti juu ya mkeka uliokunjwa au kipande cha godoro, mwili unyooke kuanzia magotini mpaka kichwani, mikono mbele ya kifua. Mwenzako anapiga magoti nyuma yako na anakushika vifundo vya miguu kwa mikono yote miwili iliyonyooka ili akubane kwa uzito wa mwili wake, asitumie nguvu ya vidole. Sasa jiachie mbele taratibu, taratibu sana, ukijizuia kwa misuli ya nyuma ya mapaja, na nyonga zisikunjike nyuma. Kuna sehemu utafika huwezi kujizuia tena, hapo pokea ardhi kwa mikono kama pushapu, jisukume urudi juu. Hiyo ni moja.

Wanaoanza wafanye 3 mpaka 5 tu. Ndo idadi ya mwanzo inayotumika kwenye FIFA 11+, ile programu ya kupasha mwili kwa wachezaji ya dakika kama 20, na wamelitia humo kwa sababu msuli wa nyuma ya paja ndo unaochanika sana kwa wanaokimbia mbio fupi na zoezi hili linapunguza majeraha hayo, limefanyiwa utafiti mwingi. Kinachofanya kazi ni ile kushuka, msuli unabeba mzigo huku unarefuka, na ndivyo unavyokuwa pale unaponyoosha mguu kwenye mbio kali kabla hujakanyaga. Seti 2 zinatosha. Kesho yake na kesho kutwa utatembea unajua una mapaja, ni kawaida, kwaiyo msifanye siku mbili kabla ya mechi. Baada ya wiki kadhaa mnapanda mpaka 7, 8, 10.

Anayeshika asizubae. Mwenzako amejiachia mbele anakuamini wewe, ukiachia vifundo anaenda na uso. Kubalianeni neno kabla, kwetu ni "nimeshika", na mtu haondoki mpaka alisikie.

Sehemu ya pumzi, dakika 12

Hii ndo sehemu ya kushindana. Pimeni hatua 20, wekeni alama, kandambili au jiwe. Mmoja anabeba madumu mawili, moja kila mkono, mabega nyuma, hatua fupi za haraka, anaenda mpaka kwenye alama na kurudi. Mwingine muda wote huo yuko kwenye planki, viwiko chini, mwili umenyooka. Akifika mnabadilishana hapohapo. Endeleeni hivyo dakika 4, pumzikeni dakika 2 mkitembea, rudieni mara moja. Hizo ni dakika 10, mbili zilizobaki nazieleza chini.

Uzuri wake ni kwamba ukichelewa na madumu anayeumia ni mwenzako. Mwanasaikolojia mmoja Mjerumani, Otto Köhler, aliliona hili miaka ya 1920 kwa wapiga makasia wa Berlin: aliye dhaifu zaidi alijituma kupita kawaida yake pale kazi ilipokuwa ya pamoja na wote wanamtegemea yeye, na hali hiyo ilikuwa kubwa pale tofauti ya nguvu zao ilipokuwa ya wastani, sio ndogo sana wala kubwa sana. Kwaiyo kama mmoja ni mpya kabisa mrahisishieni, abebe dumu moja moja au alama yake iwe hatua 12, ili muda wake wa kwenda na kurudi uwe karibu sawa na wa mwenzake. Mkiacha umbali sawa, mwenye nguvu atakaa kwenye planki dakika nzima na mgeni sekunde 20, na hapo hakuna ushirikiano tena, kuna mtu anayesubiri na mtu anayejisikia vibaya.

Zile dakika 2 za mwisho ni za tyubu. Izungushe kiunoni kwa mwenzako kwa mbele, wewe shika ncha zote mbili nyuma yake, yeye akimbie mbele hatua 20 wewe ukimfuata kwa kumzuia. Mwili wake ulale mbele kidogo, magoti yapande. Kama hatua zake zinakuwa za kujikokota unamzuia sana, legeza. Zamu mbili kila mtu zinatosha, mkiifanya kwa ukweli.

Mkiwa ufukweni, Coco Beach, Kunduchi, Nyali, popote, jueni mchanga laini unakula nguvu. Kukimbia kwenye mchanga mkavu kunachukua nguvu kama mara moja na nusu au zaidi ya ardhi ngumu kwa spidi ileile, na vigimbi na kano ya kisigino vinavutika sana. Nendeni maji yakiwa yamekupwa, ule mchanga wenye unyevu uliobana karibu na maji ndo wa kukimbilia, mchanga mkavu uwe wa kubebea madumu tu.

Joto, mfungo na presha

Kwa hali ya hewa ya pwani, kuanzia Desemba mpaka Machi, tizi hili liwe kabla jua halijachomoza vizuri au baada ya saa kumi na moja jioni. Unyevu ukiwa mwingi jasho halikauki mwilini na jasho lisilokauka halipoozi mwili, ndo maana unaweza kulowa chapachapa na bado joto linapanda. Mwenzako akianza kuongea vitu visivyoeleweka, akiyumba, akisema anasikia baridi kwenye jua, tizi limeisha saa hiyohiyo. Kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na kama akili haimrudii vizuri ni gari ya hospitali, msisubiri. Hapa tena madumu yenu yana kazi.

Jingine ambalo watu hawaambiwi: ukitoka kwenye kukaa muda mrefu ukapiga tizi la kuua siku ya kwanza, halafu kesho yake misuli imevimba, inauma kupita kiasi na mkojo una rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi, hiyo sio maumivu ya kawaida ya mazoezi. Ni misuli imeharibika na mabaki yake yanapita kwenye figo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ndo maana wiki ya kwanza nasisitiza fanyeni nusu: seti 2 badala ya 3, zoezi la nne mara 3 tu, pumzi raundi moja ya dakika 4.

Ramadhani hamna haja ya kuacha kama mmoja amefunga. Wengi wanaliweza lisaa kabla ya futari likiwa jepesi, sehemu ya nguvu tu bila ya pumzi, ili kiu ikutane na maji mapema, au masaa mawili baada ya kufuturu, na hapo kunyweni vya kutosha mpaka daku. Asiyefunga aende na ratiba ya aliyefunga.

Mwenye presha au kisukari apite kwa daktari kwanza, halafu amwambie mwenzake wazi, sio kuficha. Wa presha asibane pumzi akiwa na mzigo, atoe pumzi wakati wa kupanda, na mwenzake ahesabu kwa sauti naye arudie namba, mtu anayetamka namba hawezi kubana pumzi. Anayetumia insulini wote wawili mjue pipi au soda yake iko mfuko gani.

Baada ya tizi tembeeni mpaka pumzi irudi, nyoosheni mapaja na vigimbi, kila msuli nusu dakika. Ukimsaidia mwenzako kunyoosha msukume taratibu na yeye ndo aseme basi.

Namna ya kupanda wiki kwa wiki

Mara tatu kwa wiki, na angalau siku moja ya kupumzika katikati, Jumatatu, Jumatano na Jumamosi kwa mfano. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau siku 2 za mazoezi ya nguvu kwa wiki na dakika 150 mpaka 300 za kuchemsha mwili kwa wastani, kwaiyo hizi tatu zinafunika ya nguvu yote, na kwenye pumzi mnajazia kwa kutembea au jogging ya Jumapili, ambazo Dar ziko kila mtaa saivi.

Nunueni daftari dogo, kila mtu aandike la mwenzake, sio lake. Ukiandika lako utajipunjia au utajiongezea. Andika lita za dumu, idadi ya seti ya mwisho, na alama moja mpaka kumi ya jinsi alivyoonekana kuchoka kwa macho yako, halafu naye aseme yake, zikitofautiana sana mjadili. Kila wiki ongezeni kitu kimoja tu. Kwenye skwati pandisha idadi kutoka 8 mpaka 12, ukizifikia zote tatu kwa umbo zuri ongeza lita mbili urudi 8. Kwenye mpini anayezuia anaongeza ubishi. Kwenye pushapu shuka ngazi. Kwenye madumu ongezeni raundi ya tatu kabla hamjaongeza maji. Wiki ya nne au ya tano punguzeni kila kitu kwa nusu, hata kama mnajisikia vizuri, halafu wiki inayofuata mwanze pale mlipoachia.

Na mwenzako akisafiri au akiumwa usisimame. Skwati na pushapu utapiga peke yako, mpini unaubadilisha na tyubu iliyofungwa kwenye nguzo, na lile la nne unaweza kuchomeka vifundo chini ya kitanda kizito chenye mtu amelala juu yake, mkeka uleule magotini.